Uhai wa udongo: uzike kitambaa au upime kwa simu?

Huku Bweyale, Uganda, wakulima wa mahindi huniuliza kila msimu: kipi bora?

Kwa gharama, kitambaa kinashinda kabisa. Chukua kipande cha fulana kuukuu ya pamba tupu, kizike sentimita 15 chini, chomeka kijiti cha alama, ukifukue baada ya miezi 2. Vijidudu vya udongo hula pamba, kwa hiyo kikiliwa zaidi, udongo uko hai zaidi. Changu cha chini ya migomba kilitoka matundu matupu, uzi wa nailoni wa mshono tu ukining'inia. Cha shamba lililochomwa mabua kilitoka karibu kizima, na aliyekishika hakuhitaji maelezo. Ila mchwa nao hula pamba, na kiangazi hupunguza kasi, kwa hiyo zika vipande kadhaa siku moja.

Kadi ya microBIOMETER kutoka Marekani ni tofauti: unatikisa udongo kwenye maji ya chumvi maalumu, unadondosha matone, programu ya simu inasoma rangi. Siku hiyohiyo unapata wingi wa vijidudu na uwiano wa kuvu na bakteria. Tarakimu hulinganishika msimu kwa msimu, lakini kila kipimo hula kadi mpya, na kuziagiza ni ghali.

Una ekari 1? Zika. Mko kikundi na mnajaribu mboji? Changieni kadi. Asidi ya udongo havipimi vyote viwili. Hiyo peleka maabara ya taifa ya utafiti wa kilimo ya Kawanda.