Rivyuu: chama cha wamiliki wa boti za matanga za mbio za rimoti (wandizaini, sentimita 65)

Swali linaloulizwa kila siku ni hili, boti ninayo, rimoti ninayo, maji yapo, sasa ada ya chama naitoa ya nini? Mi nipo ndani ya chama kimoja cha hizi boti muda wa kutosha, mazuri yao nayajua na madudu yao nayajua, kwa hiyo acha niseme ukweli. Jina lao naliweka pembeni maana huko chini nitawasema kidogo.

Unacholipia kwa kweli ni neno moja tu: hapana. Wandizaini maana yake boti zote zinatoka kwa mtengenezaji mmoja, bodi ileile, mkuku uleule, matanga yaleyale, ili anayeshinda awe kashinda kwa kusoma upepo sio kwa unene wa pochi. Sio kama RG65, aina nyingine ya boti za rimoti, ambako ukibaki ndani ya urefu wa sentimita 65 na eneo la matanga la sentimita za mraba 2250 unaruhusiwa kujichongea bodi yoyote unayoiota usiku, huko ni raha ya mafundi na naiheshimu sana tu, ila mwenye karakana na muda anakuacha mbali. Kwetu sheria ni za kufunga, yaani kitu kisipoandikwa kuwa kinaruhusiwa basi kimekatazwa, hata kama hakuna mtu aliyewahi kukifikiria. Betri na risiva (kile kinachopokea mawimbi ya rimoti) unachagua mwenyewe, mengine acha kama yalivyotoka kwenye boksi.

Sasa hiyo hapana lazima awepo mtu wa kuitamka, na hapa ndo hawa jamaa wananifurahisha. Siku ya upimaji kuna meza, mizani ya dijitali, rula ndefu na mzee mmoja mpole ambaye hana haraka na mtu. Jamaa mmoja akaja na mlingoti mweusi wa kaboni unang'aa, mzee kaushika, kaupinda kidogo kwa vidole viwili, kauliza, "Huu umetoka kiwandani, mwanangu?" Jamaa kaanza stori ndefu ya ule wa mwanzo kuvunjika na spea kuchelewa, mzee kamsikiliza mpaka mwisho halafu kamtolea wa akiba kwenye begi la chama, kamwambia funga huu ukimbie, ule mzuri kaupeleke RG65. Hakuna kelele, hakuna aliyeaibishwa, na raundi ya kwanza jamaa akaondoka vizuri kabisa kwenye laini. Bila chama hiyo ingekuwa ugomvi wa grupu zima wiki nzima.

Kitu kingine ambacho watu wanakidharau ni daftari la namba. Kwenye mbio za rimoti boti inatambulika kwa tarakimu mbili za mwisho za namba yake ya usajili, na ukitaka kulalamika unapaza sauti namba yako, "protesti", halafu namba ya mwenzako. Sasa boti mbili zote zina 14 na zimebanana kwenye boya la joshi, lile la upande upepo unakotoka, nani kagongwa na nani azunguke? Adhabu yenyewe ni kuzunguka mara moja tu, kubisha mara moja (pua ya boti inapita kwenye upepo) na kupindua tanga mara moja (nyuma ya boti ndo inapita kwenye upepo), inaisha haraka kama mnajua nani ni nani. Daftari letu lipo safi, wawili wakigongana namba mmoja anaambiwa mapema aongeze 1 mbele ya namba yake, yamekwisha.

Katiba yao pia naipa maksi. Kura ni mwenye boti mmoja kura moja, hata uwe na boti tano kabatini, na muuza boti hawezi kuwa mwenyekiti. Kuna waliona hii ni roho mbaya. Mimi nawaambia waangalie Laser, ile boti ya matanga ya ukweli ambayo mtu anakaa ndani, mwaka 2019 chama kikakorofishana na mjenzi mwenye haki ya jina mpaka boti mpya ikabidi ziitwe ILCA, ufupisho wa jina la chama chenyewe. Chama kama kile, chenye wanasheria, kilipoteza jina, sasa sisi wa boti za kubeba kwapani tukimpa muuzaji usukani si ndo tutaamka siku moja tanga limebadilishwa wote tunatakiwa tununue jipya?

Haya, madudu. Ukiuliza tafsiri ya sheria unasubiri mpaka unasahau ulichouliza, kwa sababu kamati ya ufundi lazima wote wakubaliane, na manahodha wengi chombo huenda mrama, hilo wao ndo mfano wake. Kuhamisha umiliki wa boti ya mtumba ni mateso, wanataka sahihi ya muuzaji, na muuzaji keshahamia kwenye droni hapokei simu. Halafu hesabu za mweka hazina zinasomwa kwenye mkutano wa mwaka kwa kasi ya ajabu utadhani anakimbizwa, ukinyoosha mkono keshafunga faili. Sidhani kuna wizi, ila karatasi moja ya kugawia watu ingewagharimu nini?

Nyota nne. Kama boti yako ni ya kupunga upepo na watoto jioni, usijisumbue, ada hiyo nunua matanga ya akiba. Kama unataka mbio za pointi, jiunge, na ukinunua boti ya mtumba mbane muuzaji atie sahihi kwenye fomu kabla hujampa hela.