Miaka miwili ya Jumanne jioni: uzoefu wangu ndani ya klabu ya Rotary

Nauza vipuri vya malori katika mji mdogo mashariki mwa Uganda, kando ya barabara itokayo Malaba, mpakani na Kenya. Miaka miwili iliyopita mteja wangu mmoja, wakala wa forodha, aliniambia, "Dada, Jumanne ukishafunga duka njoo hotelini uketi nasi kidogo." Nilidhani ni chama cha kupeana pesa kwa zamu. Cha namna hiyo tayari ninacho pale sokoni na kinamama wenzangu, wala sikutaka cha pili. Nilikwenda kwa heshima yake tu. Kumbe ilikuwa klabu ya Rotary, chama cha dunia nzima cha watu wanaokutana na kujitolea kusaidia jamii yao. Leo mimi ni mwanachama kamili, ada ya mwaka wa tatu nimeshailipa, na kwa kuwa watu huniuliza dukani kama jambo lenyewe linafaa, naeleza nilivyoliona, zuri lake na linaloniuma. Jina la klabu yetu naliacha, kwa sababu baadhi ya nitakayosema ni ya nyumbani.

Huingii siku ya kwanza. Unahudhuria kama mgeni mara kadhaa, wakuone nawe uwaone, kisha mwanachama mmoja anakupendekeza. Hilo nililipenda. Nilipata muda wa kuwachunguza kabla ya kutoa hata shilingi.

Tunakutana saa kumi na mbili na nusu jioni. Rais wa klabu anagonga kengele, tunasimama kwa wimbo wa taifa, halafu ule wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambao ni wa Kiswahili, na hapo ndipo mimi huinua sauti. Kisha tunasoma kwa pamoja yale maswali manne ambayo kila mwana-Rotary duniani anayajua: je, ni kweli, ni haki kwa wote, kutajenga urafiki, kutawafaa wote wanaohusika? Aliyeyatunga, Herbert Taylor wa Chicago, alikuwa mfanyabiashara kama mimi. Mwaka 1932 alikuwa anahangaika kuokoa kampuni ya sufuria iliyokuwa karibu kufilisika, akayaandika ili wafanyakazi wake wapimie maneno na matendo yao. Nilipoambiwa habari hiyo niliyaandika kwenye karatasi nikayabandika nyuma ya kaunta. Kijana wangu wa dukani sasa akitaka kumwambia mteja kwamba beringi ya bei nafuu ni sawa na ile halisi, namwonyesha karatasi kwa kidole.

Baada ya hapo ni faini. Tunaye msimamizi wa nidhamu, tunamwita sajini, anapita na kikapu. Umechelewa, elfu mbili. Simu imelia, elfu mbili. Umenunua pikipiki mpya na hukutuambia, elfu tano. Mwenye furaha naye anatoa kwa hiari: mtoto kafaulu mtihani, mke kajifungua salama. Nimejifunza habari za majirani zangu kwenye kikapu kile kuliko miaka kumi na mmoja ya kupungiana mikono barabarani. Ila kuna kijana mwalimu alikuwa ananyamaza siku za katikati ya mwezi, na nilijua kwa nini. Nilimweleza sajini faragha kwamba elfu mbili si sawa kwa kila mfuko. Siku hizi asiye nayo anatozwa shairi au kisa. Mwalimu yule ndiye msimulizi wetu bora.

Kisha anazungumza mgeni, dakika ishirini, na hapa ndipo penye thamani ya ada yangu. Sitasahau jioni alipokuja fundi wa maabara kutueleza habari za damu. Huku kwetu malaria ni kali, na mtoto mdogo aliyeugua sana huishiwa damu upesi. Bila kuongezewa, anaweza kufa wodini huku mama yake ameshika mfuko wa dawa. Akatueleza jinsi chupa zinavyokwenda kupimwa kwenye benki ya damu ya Mbale na kurudi, na kwamba mwanamume anaweza kuchangia kila miezi mitatu, mwanamke kila miezi minne. Nilikuwa na miaka arobaini na minne na sikuwahi kuchangia. Wiki tatu baadaye tuliweka mahema kwenye stendi ya teksi, nikalala kwenye kitanda cha kwanza ili wanawake wa soko waone kwamba unaamka na kwenda zako. Walikuja. Sasa siku ya damu imo katika ratiba yetu, na mimi huwekea alama kalenda ya duka.

Tangu mwaka 2016 sheria za Rotary zinaruhusu klabu kukutana mara mbili tu kwa mwezi ikitaka. Lilijadiliwa na kwetu, wengine wakisema biashara imekaza. Tulipiga kura tukabaki na kila wiki, na nilipiga kura hiyo kwa moyo wote. Anayekutana nawe kila Jumanne hawezi kukuahidi saruji akapotea.

Sasa pesa, maana hapa ndipo nina maneno mengi.

Mwaka wa Rotary huanza tarehe 1 Julai, na rais mpya huapishwa kwa dhifa. Mwaka wangu wa kwanza niliwekwa kwenye kamati. Tiketi ilikuwa laki moja. Tulikodi hema, viti vyenye vitambaa, bendi, mapambo, mpiga picha. Tulilala usiku wa manane siku nne. Watu walipendeza, walikula, walicheza. Tulipolipa madeni yote, zilizobaki kwa ajili ya miradi zilikuwa shilingi 340,000. Nilirudi nyumbani nikiwa na uchungu. Dhifa ya kumpongeza kiongozi haina ubaya, lakini tusiiite uchangishaji, kwa sababu mtu akishalipa laki moja anahesabu kwamba ameshachangia, ukimfuata Septemba anakuambia, "Si nilitoa juzi?"

Baadaye pakaja wazo la bahati nasibu. Mimi ni Mwislamu, na kwangu hiyo ni kamari. Nilisimama nikasema siwezi kuuza tiketi hizo, na siwezi kukaa kimya wenzangu wakiziuza kwa jina la klabu yangu. Niliogopa kuonekana msumbufu. Rais wetu, mama mmoja mstaafu wa ualimu, aliuliza tu, "Basi tufanye nini badala yake, dada?" Mzee mmoja akajibu: mnada, kama wa kanisani. Mganda yeyote anaujua. Kila mtu alileta kitu cha nyumbani: mkungu wa matoke, mbuzi, mayai, mkeka, kitambaa. Jogoo mmoja wa elfu thelathini aliuzwa, mnunuzi akamrudisha mezani auzwe tena, na wa pili naye hivyo hivyo, mpaka jogoo yule peke yake akaleta laki mbili na nusu. Hatukukodi chochote isipokuwa kipaza sauti.

Kuosha magari Jumamosi kwenye kituo cha mafuta pamoja na vijana wa Rotaract, klabu ya vijana ya Rotary, kulifaa pia, gharama ikiwa sabuni tu. Kupanda jiwe la Tororo kwa tiketi ya elfu ishirini kulifaa zaidi tulipoacha kugawa fulana. Mtu anayepanda zile ngazi za chuma mpaka kileleni na kuuona mlima Elgon upande mmoja na Kenya upande mwingine hana haja ya fulana. Na kila Agosti tunashiriki mbio za saratani za Rotary, zilizoanza mwaka 2012 kwa ajili ya huduma za saratani katika hospitali ya Nsambya, Kampala. Pale hatubaki na kitu, na ni sawa kabisa. Mama yangu mdogo alifariki kwa saratani ya shingo ya kizazi, na kila mwaka nakimbia kwa ajili yake.

Lakini jambo lililonifanya nilipe ada ya mwaka wa tatu ni kisima.

Shule moja ya msingi, kilomita kama sita kutoka mjini, ilikuwa na kisima cha pampu ya mkono kilichokufa. Watoto walikuwa wanavuka barabara ya malori na madumu vichwani kwenda kuchota bondeni. Tulikwenda na fundi, akakifungua. Mabomba yalikuwa yameliwa na kutu mpaka unapitisha kidole, na silinda imechakaa. Fundi akaandika: mabomba 14 ya mita tatu tatu, kila moja 65,000, vyuma 14 vya kuvutia maji vinavyopita ndani ya mabomba, kila kimoja 30,000, silinda 250,000, mnyororo na beringi za kichwa cha pampu 120,000, ufundi na usafiri 300,000. Jumla milioni mbili kamili. Niliiangalia karatasi ile nikaona ni ile ile ninayoandikia wateja kila siku. Zilizobaki kwenye dhifa yetu yote zingenunua mabomba matano.

Jumanne hiyo nilisema: mimi siuzi lori, nauza kipuri. Hakuna anayeingia dukani na bei ya lori mfukoni, lakini bei ya kipuri anayo. Tusiombe milioni mbili. Tuuze kisima hiki kipande kwa kipande.

Nilichukua boksi la katoni nikachora mabomba kumi na manne, moja juu ya jingine, kutoka ardhini kwenda chini mpaka kwenye maji. Pembeni vyuma, chini silinda. Nikaliweka mlangoni na kopo la sarafu chini yake. Kila kipande kikinunuliwa nakipaka rangi ya buluu na kuandika herufi za mwanzo za aliyenunua. Wenzangu wakafanya hivyo kwenye famasi, kwenye saluni, na kwenye ofisi ya mawakala. Kila Jumanne mweka hazina alisoma vipande vilivyopatikana, na risiti zilizungushwa mezani kila mtu azione.

Wenye vibanda vya chapati walichanga bomba moja watu wanne. Bodaboda wa stendi walinunua mawili. Siku moja akaingia dereva wa lori, mtu wa Mombasa, alikuja kutafuta kioo cha taa. Akasimama mbele ya katoni muda mrefu.

"Mama, bomba moja ni pesa ngapi?"

Nikamwambia.

"Na hii shule iko wapi?"

Nikamwonyesha kwa mkono, upande aliokuwa anaelekea. Akatoa pesa, akaandika herufi zake mwenyewe kwenye bomba la tisa, akaenda zake Juba. Baada ya siku kumi na mbili lori likasimama tena nje, hata injini hakuzima. Alichotaka ni kuuliza: "Langu limeshaingia?" Lilikuwa limeshaingia asubuhi ya siku iliyotangulia. Nilishindwa kumjibu mara moja, kwa sababu koo lilinikaba.

Ilichukua wiki saba. Siku ya kukabidhi, walimu walikuwa wamewapanga watoto juani tangu saa tatu, na baadhi yetu tulikuwa bado tunahangaika na bango la picha. Nilikasirika na nilisema wazi. Rais wetu akawatawanya watoto wakanywe maji kwanza. Picha tuliyonayo ni ya watoto waliolowa, na ndiyo iliyotundikwa hotelini.

Kuhusu gharama, nisimfiche mtu. Kwetu ada ni laki moja na nusu kila miezi mitatu, na sehemu yake huenda makao makuu kwa dola, kwa hiyo dola ikipanda nasi tunapandishiwa. Chakula cha hotelini ni elfu ishirini kila wiki. Kwa mwezi hiyo ni elfu themanini, ambayo ni bomba moja na chenji. Nimependekeza tunywe chai na chapati badala ya bufee, pendekezo limeshindwa kura mara mbili, nitalileta mara ya tatu. Tena vikao ni vya Kiingereza kitupu. Tulipomwalika mwenyekiti wa bodaboda waliotununulia mabomba mawili, alikaa saa nzima akitabasamu bila kuelewa. Niliomba tuendelee kwa Kiswahili akiwapo mgeni wa namna hiyo, wakakubali, na jioni ile ilichangamka kuliko nyingi nilizozihudhuria.

Linaloniuma zaidi ni tangi. Miaka michache kabla sijajiunga, klabu yetu iliipa shule nyingine tangi la kuvunia maji ya mvua. Lipo mpaka leo, bango lenye gurudumu la Rotary linang'aa, ila mifereji ya bati ilishaanguka na ndani hamna tone. Hakuna aliyerudi kuangalia. Mwalimu mkuu alipotuambia, wenzangu walinyamaza, na mimi niliona aibu ingawa sikuwepo. Kwa sababu ya tangi hilo tumekubaliana kwamba kila faini ya kikapuni, kuanzia Julai hii, haitaanzisha mradi mpya wowote. Ni ya matengenezo tu. Na shule ya kisima ina kamati ya wazazi, kila familia inaweka elfu moja kwa muhula, na washa za akiba, vile vipete vya kuzibia ndani ya pampu, wanazichukua dukani kwangu kwa bei niliyonunulia.

Ukiwa na duka, ukaniuliza kama ujiunge, nitakuambia njoo kwanza uwe mgeni wetu mwezi mzima, ukae mwisho wa meza, usikilize hesabu zinavyosomwa. Jumanne ijayo zamu ya kuleta msemaji ni yangu. Nimemwalika fundi wa mifereji ya bati, na nimemwomba aje na bei ya mita moja moja.