Kikokotoo cha kuchambua namba: kizuri mpaka tarakimu ya 15

Wiki ya tatu sasa niko na programu hii. Unaiandikia namba nzima, nayo inakueleza kama ni tasa, vigawo vyake, jumla ya tarakimu zake, na inavyoandikwa kwa 0 na 1. Jina lake nalihifadhi, maana nina neno nayo.

Programu yoyote ya aina hii huwa naipima kwanza kwa 4,294,967,297, yaani 2 kwa kipeo cha 32, ongeza 1. Mwanahisabati Fermat aliamini ni tasa. Mwanahisabati mwingine, Euler, akaja mwaka 1732 akaonyesha kwamba 641 inaigawa bila baki. Jibu lilikuja papo hapo: 641 × 6,700,417, vigawo vinne (ukihesabu 1 na namba yenyewe), jumla ya vigawo hivyo 4,301,668,356. Nikapiga hesabu kwa kalamu, ikalingana. Ila kilichonifurahisha hasa ni ile picha ya 0 na 1: moja, sifuri 31, kisha moja, kama kamba ya kuanikia nguo iliyofungwa kwenye miti miwili.

Nikapata kiburi, nikaandika 9,007,199,254,740,993. Ikaniambia ni shufwa, ina vigawo 54. Shufwa, na inaishia na 3! Kuangalia vizuri, kumbe mwisho wa namba yangu umegeuzwa kimyakimya kutoka 993 kuwa 992. Iliyochambuliwa ni 2 kwa kipeo cha 53, jirani yake. Yangu tarakimu zake zinajumlisha 78, kwa hiyo 3 inaigawa. Programu iliandika 77 bila haya. Jibu sahihi ni 3 × 107 × 28,059,810,762,433.

Chanzo nakifahamu. Namba inahifadhiwa kwa mtindo wa desimali inayoelea, wenye nafasi 53 tu za 0 na 1. Ukishavuka hapo, namba witiri inayofuata haina pa kukaa, inasukumwa kwa jirani. Mpaka huo ningeukubali kama ingesema tu, "Namba hii imenizidi." Haisemi.

Muonekano ni safi, haina matangazo, inafanya kazi bila intaneti. Nyota tatu kati ya tano. Kwa tarakimu 15 kushuka chini nitaendelea kuitumia. Zikizidi hapo, kabla ya kusoma majibu linganisha kwanza tarakimu zote na ulizoandika.