Mnara wa duara wa kupozea maji: mzuri, ila soma kibao kwanza

Mnara wa faibaglasi wa duara, feni juu na beseni chini, hutumika sana kwenye viwanda vidogo na mitambo ya viyoyozi. Mnara huu unaiweza kazi yake. Lawama za "haupozi" mara nyingi zinatokana na kibao cha vipimo ambacho mnunuzi hakukisoma.

Kibao huwa na namba tatu, kwa kawaida 37, 32 na 27. Maji yanaingia yakiwa nyuzi 37 na kutoka yakiwa 32, ilimradi kipimajoto kilichovishwa utambi wenye maji kisome 27. Hiyo ya tatu ndiyo yenye amri. Maji hayashuki chini yake hata ukiongeza feni ya pili, kwa sababu kinachopoza hasa ni mvuke: maji kidogo yanapogeuka mvuke, huondoka na joto la yaliyobaki. Hewa yenye unyevu mwingi hupokea mvuke kidogo. Ukitaka kuikaribia namba hiyo kwa chini ya nyuzi 3, utalipia mnara mkubwa kupita kiasi.

Ukizungusha lita 10,000 kwa saa na kushusha nyuzi 5, lita 86 hivi huwa mvuke. Chumvi hubaki. Ukiruhusu zikolee mara 3 ya maji mapya, sharti umwage lita 43 zaidi kila saa, kwa hiyo vali ya boya, inayojaza beseni, ilete angalau lita 130. Kufunga bomba la kumwagia ili kubana maji ni ubahili wa hasara: ukoko wa chokaa utaziba karatasi za PVC, yaani zile za plastiki ndani ya mnara ambazo maji hutiririka juu yake.

Udhaifu mkubwa ni kinyunyizio, kile kinachozunguka kikitawanya maji juu ya karatasi hizo. Hakina mota, mikono yake husukumwa na maji yenyewe. Matundu yakiziba, kinasimama, maji yanamwagika upande mmoja na hewa inapita upande mkavu. Feni inaunguruma kama kawaida huku beseni likizidi joto, na fundi asiyejua anafungua feni! Weka chujio kwenye bomba la kuingilia, na uchokonoe matundu kila unapoosha beseni.

Usiusimamishe kwenye kona yenye kuta ndefu, utavuta tena hewa yake yenye mvuke. Karatasi za PVC za kawaida hujikunja maji yakikaribia nyuzi 60.

Ipo inayouzwa bila vizuia matone. Hiyo iache: maji vuguvugu hulea bakteria wa Legionella, na matone ndiyo huwabeba hadi kwenye mapafu ya watu.