Manga ya kijani iliyonirudisha kidato cha tatu

Jamani juzi usiku nimemaliza kitabu cha kwanza cha manga, yaani katuni za Kijapani, inayoitwa The Guy She Was Interested in Wasn't a Guy at All ya Sumiko Arai na mpaka leo hakijanitoka kichwani. Hilo jina refu kwa Kiswahili ni kama kusema kaka aliyemzimia kumbe hata siyo kaka, kwa hiyo siri ishatoboka kwenye kava, usije ukasema nimekuharibia.

Stori iko hivi, Aya ni binti wa sekondari huko Japani, mchangamfu, anapenda kupendeza, ila darasani hana hata mmoja wa kusikiliza naye rock za nje anazozipenda. Siku anaingia duka la CD anakuta muuzaji kavaa nyeusi juu mpaka chini, hereni, barakoa, na muziki anaujua balaa, basi Aya kamzimia palepale. Kumbe muuzaji ni Mitsuki, yule msichana mkimya wa miwani anayekaa jirani yake darasani kila siku, dukani pale ni kwa mjomba wake. Na Mitsuki anajua! Anamwona mwenzie anavyohangaika na hajui hata aanzie wapi kumwambia.

Mimi kilichonishika ni ule upweke wa muziki. Nikiwa kidato cha tatu Tanga nilikuwa na flashi ya kaka yangu imejaa Nirvana na Foo Fighters, darasa zima wao ni Bongo Fleva tu, nikiwawekea wananiambia hebu zima hayo makelele, mwisho nikawa nasikiliza mwenyewe na hedifoni nikitoka shule. Sasa pale Aya anapogundua kuna mtu anaujua muziki wake, aisee ule uso alivyochorwa, niliuangalia muda mrefu sana kabla ya kufunua ukurasa. Hakuna aliyewahi kuniangalia hivyo kwa ajili ya wimbo na nilitamani sana.

Halafu ile kijani. Arai alianza kuichora mwenyewe na kuitupia Twitter mwaka 2022, kurasa chache chache, nyeusi na nyeupe na kijani basi, wachapishaji Kadokawa wakaja kuitoa kitabu 2023 na kijani wakaiacha vilevile. Wamefanya la maana, maana kuna sehemu hawaongei kabisa, ni macho na ile rangi tu na unaelewa kila kitu.

Kinachoniudhi ni kwamba zile kurasa chache chache za mtandaoni unaziona mpaka kwenye kitabu, ndo kwanza unakolea sura imekatika. Nilimuagiza binamu aje nacho kutoka Uingereza, hela niliyotoa siyo ndogo, na saa moja na nusu nimekimaliza. Marafiki wa Aya nao wapo wapo tu, ningependa kuwajua zaidi. Na kama unataka mapenzi ya haraka haraka hii itakuchosha, hawa watoto wanachukua muda mpaka unataka kuwasukuma.

Ila nitakisoma tena, na cha pili nishamwambia binamu. Jana nimempigia kaka kumuuliza ile flashi, anasema ipo kwa mama, kwenye droo ya kabati la vyombo.