Betri ya haibridi ya Aqua, Fielder na Prius hapa Zanzibar: mpya, ya vijiti au iliyofufuliwa?

Aqua, Fielder ya haibridi na Prius zilizotengenezwa kati ya 2010 na 2015 sasa zimepita miaka kumi, na betri zake kubwa zinaanza kuchoka kwa zamu. Mwenye gari akitaka kubadilisha, huwekewa mbele yake vitu vitatu achague kimoja: betri mpya ya kiwandani, betri ya Kichina ya seli za mviringo ambayo mafundi huiita ya vijiti, au betri kuukuu iliyofunguliwa ikatolewa moduli mbovu (moduli ni vipande vinavyounda betri) na kutiwa nyingine, ndiyo iliyofufuliwa. Hukumu yetu tunaitoa mapema. Gari unayokusudia kukaa nayo, itie ya kwanza. Mfuko usiporuhusu, ya pili inafaa kwa masharti. Ya tatu, kwa jinsi inavyofanywa katika gereji nyingi, ni ya kusukuma siku tu.

Betri ya Prius ya toleo la pili na la tatu ina moduli 28 za volti 7.2, jumla volti 201.6. Aqua na Fielder zina moduli 20, jumla volti 144. Kila moduli ina seli sita za nikeli, na ikiwa mpya inabeba ampea-saa 6.5. Zote zimeungwa kwa mfululizo, kwa hiyo seli moja ikifa betri nzima inazuiwa na ile iliyo dhaifu. Kompyuta ya Prius inazipima mbili mbili, yaani mafungu 14, na fungu moja likiachana mno na wenzake ndipo pembetatu nyekundu inapowaka na mashine ya kusomea hitilafu inapoandika P0A80, yaani betri kubwa imechoka. Kabla ya hapo dalili zipo: feni ya nyuma inanguruma, mistari ya chaji inapanda na kushuka upesi kuliko kawaida, injini inawaka kila mara na mafuta yanakwenda zaidi.

Joto linaziua betri hizi kuliko kilomita. Betri inapozwa na hewa ya ndani ya gari, inayovutwa na feni kupitia tundu lililopo kwenye kiti cha nyuma. Ukiendesha mwezi wa Machi saa nane mchana bila kiyoyozi, betri inavuta joto lile lile linalokutoa jasho wewe. Mkoba wa skuli au kikapu cha sokoni kikiegemea tundu, hata hewa hiyo ya joto betri haiipati. Na ukiifungua feni ya gari inayokwenda Nungwi na Paje kila siku, utakuta mapezi yake yamejaa sufi ya kijivu, mchanganyiko wa vumbi, mchanga laini na nyuzi za zulia. Inazunguka, inapiga kelele, hewa haipiti. Moduli za katikati, ambazo ndizo hupata joto zaidi, hutangulia kufa. Anayetia betri mpya bila kuitoa feni na kuisafisha kwa brashi laini anaipeleka betri hiyo njia ile ile.

Adui wa pili kwetu ni chumvi. Vipande vya shaba vinavyounganisha moduli huota kutu ya kijani, zaidi kwa gari zinazolala karibu na pwani. Kutu ikizidi, umeme unapita kwa shida, kompyuta inasoma volti isiyo ya kweli, na moduli iliyo salama inahesabiwa imekufa. Kuna betri zinazorudi kazini kwa kusugua vipande hivyo vikang'aa na kusafisha ncha za nyaya za kupimia, bila kununua moduli hata moja. Fundi asiyevitoa akavitazama hajapima betri, amesoma mashine tu.

Sasa betri iliyofufuliwa. Moduli iliyotolewa kwenye betri nyingine ya 2012 ina umri ule ule wa moduli zinazobaki. Ikitiwa moja, wiki au miezi michache baadaye inaanguka jirani yake. Kazi hii ina njia yake sahihi. Moduli zote zinatolewa na kupimwa zikiwa zimepumzika: nzima husimama kati ya volti 7.6 na 8, na yenye seli iliyokufa hushuka kwa volti moja na zaidi. Kisha kila moja inapewa mzigo wa taa ya mbele ya wati 55 kwa dakika mbili, na inayoporomoka inatengwa. Zinazobaki zinachajiwa na kumalizwa mara tatu huku zimebanwa pamoja kwa mbao na nondo zenye nati, maana moduli ikichajiwa bila kubanwa inavimba na hairudi tena kwenye boksi. Ujazo unaandikwa juu ya kila moduli. Iliyo chini ya ampea-saa 4 sisi hatuirudishi. Mwisho zote zinaungwa sambamba, chanya kwa chanya, usiku na mchana mzima ili ziwe sawa. Hesabu siku kadhaa. Gereji inayokurudishia gari jioni ile ile imebadilisha moduli moja na kufuta hitilafu. Omba karatasi ya vipimo vya moduli zote. Mwenye kufanya kazi kweli anayo.

Betri ya vijiti ina faida moja kubwa, nayo ni seli mpya. Kila kijiti cha volti 14.4 kinashika nafasi ya moduli mbili: Aqua vijiti 10, Prius 14, na boksi la zamani linatumika. Ubaya ni kwamba ubora unatofautiana sana, na maandishi ya 6.5 kwenye plastiki si ushahidi. Angalia tarehe ya kutengenezwa, vijiti vyote viwe vya kundi moja, na vipimwe mbele yako. Vikipishana zaidi ya volti 0.1, usipokee. Seli za nikeli hupoteza chaji zikikaa ghalani, kwa hiyo vichajiwe kabla ya kufungwa. Jambo linaloharibiwa mara nyingi ni vipima joto: katika betri ya asili vinabana chini ya moduli, na kwenye vijiti vikiachwa vinaning'inia, kompyuta inadhani betri ni baridi na feni inachelewa kuanza.

Betri mpya ya kiwandani ndiyo ghali, na ndiyo tunayoipa alama ya juu, mradi iwe mpya kweli. Betri ya mtumba kutoka Japani iliyopanguswa vizuri imeshauzwa kwa jina hilo. Tazama nati za vipande vya shaba: zikiwa na alama za spana, imeshafunguliwa. Uliza pia kama inakuja na feni na kompyuta yake au vya zamani vitahamishwa.

Wakati wa kufunga, simama uone. Gari izimwe, ufunguo uwekwe mbali, hasi ya betri ndogo ya volti 12 ifunguliwe, fundi avae glovu za volti 1000, avute plagi ya rangi ya chungwa inayokata umeme wa betri kubwa, asubiri dakika kumi, apime sifuri ndipo aguse. Nati za moduli zinakazwa kwa spana ya torki, niutoni-mita 5.4 tu. Zikikazwa kwa nguvu za mkono shingo ya moduli inapasuka, maji yake yanavuja hadi kwenye bati, na inakuja P0AA6, yaani umeme wa betri kubwa unavujia kwenye bodi ya gari, ambayo ni hatari kwa mtu. Gari ikigoma kuingia READY (tayari kuondoka) baada ya kazi, kitu cha kwanza kutazama ni mkono wa plagi ile ya chungwa: pengine umechomekwa bila kusukumwa mpaka ukafunga.

Usinunue chochote kabla ya kupima betri ndogo ya volti 12. Ikichoka inawasha taa za kila namna. Ya Aqua imo ndani, chini ya kiti cha nyuma, hivyo lazima iwe ya AGM, yaani iliyofungwa isiyomwaga maji, yenye bomba la kutolea gesi nje. Wanaotia betri ya maji ya kawaida wanaileta tindikali mlango wa pili na betri kubwa.

Kuhusu dhamana, gawa bei kwa idadi ya miezi iliyoandikwa, ndipo ulinganishe. Iandikwe pia kama inahusu betri nzima au kijiti kilichokufa tu, na kama teksi na gari za watalii zimo. Mwenye gari Pemba, Chake Chake au Wete, aongeze mstari mmoja kwenye risiti: nani atalipa meli ya betri kwenda Unguja na kurudi, na nani atalipa fundi kuifungua na kuifunga tena.