Spesa au seti kamili? Kuinua Hilux kwa barabara za Lindi na Mtwara

Muuzaji wa vifaa vya kuinua gari atakuuliza unataka inchi ngapi. Wewe mjibu kwa kilo, na umwambie ni kwa miezi mingapi ya mwaka. Pikapu nyingi za Kusini zina maisha mawili. Minada ya korosho ikianza, kuanzia Oktoba hivi, zinapanda na kushuka Newala, Tandahimba na Masasi zikiwa zimejaa magunia. Msimu ukipita zinabeba dereva, dumu la maji na tairi la akiba. Springi ngumu inayofaa Novemba itakutikisa meno mwezi Machi, na nyuma ya gari itarukaruka kwenye kila kona ya changarawe. Kwa hiyo vifaa vinavyotathminiwa hapa vinapimwa kwa jinsi vinavyobeba maisha yote mawili, na gari lenyewe ni Hilux: Vigo ya 2005 hadi 2015 na Revo iliyofuata, zenye koili mbele na springi za majani nyuma.

Kabla ya kununua chochote, chukua futi kamba. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kona zote nne, gari likiwa tupu mahali tambarare, kisha rudia likiwa na mzigo wake wa kawaida. Usipime kuanzia chini, maana upepo wa tairi utakudanganya. Utaona kwamba gari tupu limeinuka nyuma kidogo kuliko mbele. Kiwanda kimefanya hivyo makusudi, ili likipakiwa lishuke na kukaa sawa. Anayenyanyua mbele hadi usawa kamili kwa ajili ya sura, kisha akapakia magunia 10 ya kilo 80, ameweka kilo 800 nyuma ya gari ambalo halina tena mahali pa kushukia. Pua itatazama juu, usukani utakuwa mwepesi, na taa zitampofusha kila anayekuja mbele. Pikapu ya mzigo ibaki na nyuma iliyoinuka angalau sentimita 2 ikiwa tupu.

Spesa, yaani kipande kinene kinachofungwa juu ya shokapu ya mbele, ndiyo njia ya bei ndogo kuliko zote, na ndiyo inayouzwa kwa maneno mengi kuliko zote. Shokapu ya Hilux imefungwa kwa ndani kwenye mkono wa chini, si penye gurudumu, hivyo kila milimita ya spesa huwa karibu milimita mbili kwenye gurudumu. Spesa ya milimita 25 inainua karibu 50. Wengi hawalijui hili. Wananunua ya 50 wakidhani watapata 50, halafu wanashangaa buti za shafti za mbele, yaani raba zinazofunika viungo vyake, kupasuka. Tatizo la pili halionekani gari likiwa limesimama: spesa haikupi springi mpya wala shokapu ndefu, inasukuma tu kila kitu chini. Gurudumu likining'inia shimoni, boli jointi ya juu inafika mwisho wake na mkono wa juu unaweza kugusa koili. Gurudumu likipanda ghafla, shokapu inaweza kufika mwisho kabla raba ya kuzuia haijafanya kazi yake. Kama springi zako bado nzima na unataka sentimita 2 au 3 tu za kufidia bampa la chuma, spesa ya milimita 10 hadi 15 inatosha na haina kosa. Zaidi ya hapo unanunua kazi ya gereji. Tena, mwambao wa Lindi na Mtwara una chumvi hewani: spesa ya alumini ikibanwa na chuma kitupu huoza pale zinapogusana, kwa hiyo chagua ya plastiki ngumu, au paka rangi na grisi.

Seti kamili, yaani koili, shokapu na majani ya nyuma kutoka mtengenezaji mmoja, ndiyo inayostahili pesa kwa gari linalofanya kazi. Old Man Emu, Ironman na Dobinsons, zote za Australia, huuza springi kwa madaraja ya uzito, na hapo ndipo thamani yake ilipo. Mbele unachagua kati ya gari lisilo na bampa la chuma, lenye bampa, au lenye bampa na winchi. Nyuma unachagua kwa mzigo wa kudumu. Jibu kwa ukweli. Kosa linalorudiwa kila mahali ni kununua springi za nyuma za kilo 500 za kudumu kwa sababu msimu wa korosho unakuja. Hiyo ni ya gari linalobeba tangi au boksi la vifaa siku zote. Kwa maisha mawili, chukua daraja la kati lenye jani nene la chini linaloanza kubeba pale mzigo unapozidi. Kuinua kwa milimita 40 kunatosha Kusini, na 50 ndiyo mpaka. Ukivuka 50 utahitaji mikono ya juu mipya na kushusha difu ya mbele, na bili inakuwa nyingine kabisa.

Kwenye shokapu, tazama joto. Barabara ya Nangurukuru kwenda Liwale, na vipande vya udongo vya Nachingwea, vina mawimbi madogo yanayoifanyisha shokapu kazi bila kupumzika. Mafuta yanachemka, yanatoa povu, na gari linaanza kuelea. Shokapu ya silinda mbili yenye gesi inatosha kwa safari fupi. Kwa saa nyingi za mawimbi, ya silinda moja kama ya Bilstein hupoa haraka zaidi, ila jiwe likibonyeza ganda lake pistoni inakwama. Zile za kipenyo kikubwa zenye sponji maalumu ndani ni za katikati, na kwa Liwale ndizo zenye akili.

Nyuma kuna njia za mkato, nazo hazilingani. Shakoli ndefu, yaani vile vyuma viwili vinavyoning'iniza ncha ya springi, huinua nusu tu ya urefu ulioongezwa: milimita 50 zinakupa 25, pamoja na gari linaloyumba. Bloku za chuma kati ya ekseli na springi huifanya springi ijikunje ukikanyaga mafuta ukiwa na mzigo. Kuongeza jani moja ni sawa, mradi lipinde kama wenzake. Jani lililonyooka zaidi hukatika kwenye tundu la senta bolti. Jani lililovunjika lisichomelewe kabisa, moto unaua ugumu wa chuma. Mifuko ya hewa inasaidia mzigo wa siku moja moja, lakini kwenye dabo kebini, ambapo bodi inazidi sana nyuma ya ekseli, inabeba kwa nukta moja ya chesisi, na chesisi zimepinda kwa sababu hiyo.

Siku ya kufunga, simama hapo hapo. Nati ya katikati juu ya shokapu isifunguliwe kabla koili haijabanwa, inaua. Bolti za bushi zikazwe gari likiwa limekaa kwa magurudumu yake, si likiwa kwenye jeki, la sivyo raba inajisokota na kupasuka mapema. Yubolti, zinazofunga springi kwenye ekseli, ziwe mpya, na zikazwe tena baada ya kilomita 500. Hakikisha mipira ya breki na waya za ABS hazivutiki gurudumu likining'inia. Kwenye Vigo nyingi kuna valvu ya breki ya nyuma inayosoma mzigo kwa fimbo. Ukiinua nyuma bila kuirekebisha, itadhani gari ni tupu milele na breki za nyuma zitalegea. Propela ya vipande viwili ikitetemeka wakati wa kuondoka, shusha kidogo senta bering, ile inayoishika katikati.

Alaimenti ni lazima. Kwa magari ya pwani, bolti za kurekebishia kwenye mikono ya chini mara nyingi zimeshikana na bushi kwa kutu. Zimwagie mafuta ya kulegeza siku kadhaa kabla, na uwe na bolti na bushi mpya mkononi, maana huenda zikakatwa.

Land Cruiser 79, mkonga, ina kanuni zake: ekseli ya mbele ni moja, na kila inchi unayoinua inapoteza kama digrii moja ya kasta, yaani mlalo unaoufanya usukani urudi wenyewe, hivyo bushi za kurekebisha ziagizwe pamoja na springi. Zile za kuanzia 2007 zina magurudumu ya nyuma yaliyosogeleana kuliko ya mbele kwa milimita 95, na kwenye mchanga yanachonga njia yake yenyewe. Springi haitibu hilo.

Kumbuka pia kwamba springi inainua bodi tu, difu inabaki pale pale. Kinachoinua difu ni tairi: kutoka 265/65R17 kwenda 265/70R17 unapata milimita 13, na spidi mita ikisoma 100 utakuwa kwenye 103. Kwa mchanga wa Msimbati, kushusha upepo hadi psi 18 kutakusaidia kuliko inchi yoyote ya kununua. Ukitoka, jaza upepo kabla ya lami, na osha chini ya gari kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, hasa kati ya majani ya springi.